Kikohozi cha Pikipiki ya Michel

Souleymane akisifu kazi yake, usimwamini. Masikio yake ndiyo ya kuamini. Kasongo nzima inalijua hilo, na wanaolikana ni wale ambao bado wana deni la maneno naye. Mdomo wake umetengeneza pikipiki nyingi kuliko mikono yake, na ukikaa kwenye kile kigoda chake cha tairi ukamsikiliza mpaka adhana ya alasiri, utaondoka umesadiki kwamba hata treni ya zamani ya Wabelgiji ilikuwa ikipiga honi kumwomba ruhusa.

Shule aliiacha mapema. Mwenyewe anasema kalamu ilikuwa nyepesi mno, mkono wake ukawa unaitafuta bila kuiona. Ufundi aliupata chini ya tumbo la lori la kubeba mchele, kwa dereva aliyempiga teke kila alipokosea na kumpa muhogo kila alipopatia. Alikonda kwanza, akanenepa baadaye. Kibanda chake cha mabati kiko kati ya wauza mchele na msikiti, na ukimkuta na kofia yake nyeupe isiyo na doa hata moja la mafuta, jua kwamba siku hiyo hajafanya kazi.

Lakini mpe mashine inayougua. Atachukua mchi wa kinu, mchi aliomnyang'anya mkewe Hidaya na ambao Hidaya anaudai hadi leo, ataegemeza ncha moja juu ya mashine inayonguruma na ncha nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha atafumba macho. Hapo hasemi. Na Souleymane akinyamaza, wauza mchele nao huacha kubishana, maana ni jambo la nadra kama mvua ya Julai.

Katika wateja wake alikuwamo Michel, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa barabara ya Wamaza. Michel alikuwa mtu wa kanisa, wa wale wakulima wa kandokando ya mji, na Souleymane mtu wa msikiti, lakini oili chafu haiulizi dini. Pikipiki ya Michel ilimjua fundi mmoja tu. Michel mwenyewe alikuwa mpole, mrefu, mwenye tabia moja ambayo watoto waliiiga: kabla ya kusema jambo zito, alikohoa kidogo, koho, koho, kama mtu anayebisha hodi kwenye mdomo wake mwenyewe.

Kiangazi kile alikuja kibandani, akasimama, akakohoa.

"Papa Sule, hii mashine nguvu yake imekuwa kidogo. Kule Salamabila wenzangu wanaweka ndani chuma cha mashindano, arbakami. Wanasema piki inaruka sawa swala."

"Swala habebi mchele," Souleymane akamjibu.

Waliokuwapo wakacheka. Sasa, ukimchekea Souleymane mara moja umemwashia moto, lazima atie kuni.

"Weye Michel, kwani unamukimbia nani? Mama mukwe? Sema tu, tukufiche huku nyuma ya magunia!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Michel alikohoa tena, kama aliyekuwa na jambo la kuongeza, akaona hakuna sikio lililobaki wazi, akacheka pamoja nao, akaenda zake. Hakurudi tena. Walikutana barabarani wakasalimiana vizuri, lakini pikipiki ile haikuonekana kibandani. Souleymane alijigamba kwa wauza mchele: "Atarudi. Mutoto akila kwa jirani, njaa itamurudisha kwa mama yake."

Mvua zilipoanza, ikaja tanzia.

Kwenye njia ya Wamaza kuna kilima kinachoitwa Shuka-Kwanza. Jina lake ni kazi yake: kila motari akifika chini yake humwambia abiria, shuka kwanza, panda kwa miguu, tukutane juu. Na mwenye mzigo hushusha gunia moja, hupandisha jingine, hurudi. Hata mwenye haraka ya kufiwa hushuka. Siku ile waendesha baiskeli waliokuwa wakisukuma mitungi ya mawese walimwona Michel akikikabili na magunia mawili ya mchele, bila kushusha. Wakamwita, akawapungia mkono. Katikati ya kilima pikipiki ikakohoa, ikalia sauti nyembamba, ikaishiwa nguvu kama mtu aliyekatwa magoti. Ikarudi nyuma, ikaingia korongoni na magunia yake, na mwenyewe chini yake. Hakuifikia zahanati.

Souleymane alikwenda kwenye kilio, akakaa na wanaume kwenye majani ya migomba, akala alichopewa, na watu wakashangaa kwamba alikula bila kusimulia. Alinyoosha fimbo za mbele za pikipiki zilizopinda, akakataa malipo. Mashine yenyewe hakuigusa. Ndiyo desturi huko: chombo cha marehemu hutumika, lakini hakifunguliwi matumbo kabla ya matanga kuondolewa. Hufungui sanduku lake, hufungui redio yake, hufungui mashine yake. Kaka mkubwa alifunga kitambaa cheupe kwenye usukani, na kitambaa hicho angekikata yeye mwenyewe siku ya matanga. Atakayekabidhiwa kitambaa ndiye mwenye pikipiki.

Huyo kaka mkubwa ni Bruno, msimamizi wa kwaya, mtu wa sauti nene na uso usiofunguka. Na mjane ni Emilienne, Mbangubangu wa Kabambare, aliyekuja Kasongo kwa ndoa na hakuwa na ukoo wa karibu wa kumsimamia. Ili watoto wa marehemu wapate chakula, pikipiki ilipewa Amisi, motari mwenzake Michel, aiendeshe na kuleta kidogo kila jioni. Haikupita juma. Amisi alirudi akiisukuma, akaweka ufunguo juu ya meza ya Emilienne kwa mikono miwili, kama anayerudisha mtoto wa mtu.

"Mama, unisamehe. Nilipofika Shuka-Kwanza, pale pale, alikohoa."

"Nani alikohoa?"

Amisi aliutazama ufunguo, akaaga.  Motari mwingine akajaribu, jambo likawa lile lile: pale pale, koho, koho, kisha kile kilio chembamba. Maneno yakatambaa sokoni haraka kuliko panya. Marehemu yumo ndani. Marehemu ana neno. Na marehemu mwenye neno, neno lake ni juu ya nani kama si juu ya aliyekuwa akimpikia?

Wiki kadhaa zikapita, na siku chache kabla ya matanga Emilienne alikuja kibandani akiisukuma mwenyewe, kitambaa cheupe kikiwa kimeingia vumbi la njia.

"Hodi, Papa Sule."

"Karibu, mama. Mbona unaisukuma? Hii si ngombe, hii inapanda kili—" Akaishia hapo. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe aliona aibu.

Emilienne alisimamisha pikipiki, akafuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Jumapili wanaondoa matanga. Yaya Bruno, mukubwa wetu, anasema Michel iko ndani, anakohoa juu yangu. Anasema nitaapa mbele ya ukoo kama sikumuroga, kisha piki itaenda kwao, nami nitaenda kwetu. Weye ulimujua Michel, na hii mashine uliijua. Sikiliza, uniambie: ni yeye, ao ni chuma?"

"Na kama ni yeye?"

"Basi nitarudi Kabambare na jina la muchawi, na watoto nitawaacha hapa. Lakini nitakuwa najua. Sasa sijui. Usiku ninamuuliza, kimya. Anakohoa kwa wengine tu."

Souleymane alichukua mchi.

Tusimfiche: mwanzoni alifanya kama alivyozoea, alitangaza ushindi kabla ya vita. Alisikiliza mashine ikiwa imesimama bila mzigo, akasema tatizo ni buji, ile plagi ya kutoa cheche. Buji na karbiratere, yaani kabureta, viko nje ya matumbo, desturi haivikatazi. Akabadilisha buji, akasafisha karbiratere mpaka ikang'aa kama kikombe cha mgeni, akasema kwa sauti ya kusikiwa msikitini: "Imepona! Mwambieni Bruno aimbe aleluya!" Kisha akapakia gunia la mchele nyuma, akaenda Shuka-Kwanza aonyeshe.

Alianza kupanda polepole. Tambarare ilikuwa nzuri, mwanzo wa mwinuko ulikuwa mzuri. Alipofika kwenye alama ya korongo, palipokuwa na msalaba mdogo wa miti, pikipiki ikakohoa. Koho, koho. Nguvu ikayeyuka chini yake. Akavuta mafuta kwa hofu, na mashine, badala ya kupanda, ikapiga ule ukelele mwembamba na kuanza kutapatapa. Aliweza kuilaza ubavuni kabla haijarudi nyuma. Gunia likapasuka, mchele ukamwagika juu ya matope.

Souleymane alikaa karibu na ule msalaba. Alisoma aya alizozijua. Maana alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe, masikio anayojivunia mji mzima, na yalikuwa yamemwambia: huyu ni Michel. Ndivyo alivyokohoa siku ile, mara ya pili, watu wakicheka.

Mtu mwingine angeisukuma mpaka nyumbani na kumwambia mjane ukweli huo. Souleymane aliokota mchele alioweza kuuokota, na kadiri alivyouokota, ndivyo ubishi ulivyomrudia. Alizaliwa nao, haukuwahi kumhama hata siku moja. Akajiuliza: ikiwa marehemu anakaa hapa, kwenye kilima cha pili atakuwa na kazi gani?

Kesho yake hakwenda njia ya Wamaza. Alikwenda upande wa pili wa mji, chini kwa Lualaba, ambako njia ya kutoka bandarini inapanda kwa ukali na ambako Michel hakuwahi kuanguka wala kulia. Akapakia gunia, akaanza kupanda. Katikati ya mwinuko, koho, koho. Akavuta mafuta, ukelele.

Wavuvi walimwona fundi wa Kasongo akisimama peke yake katikati ya njia, akiipigapiga pikipiki tangi kama anayempongeza farasi.

"Hakuna marehemu anayekohoa kwenye kila kilima," aliiambia. "Weye ni mugonjwa tu. Sasa sema, unaumwa wapi?"

Hapo ndipo alipoanza kazi ya kweli, kazi ya kuchunguza bila kufungua, kama mganga anayetazama tumbo la mke wa chifu juu ya nguo. Kibandani aliondoa bomba la kuingizia hewa, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa karbiratere, mashine ikizunguka taratibu. Mdomo wa karbiratere kazi yake ni kuvuta. Huu ulikuwa unavuta na kutema, unavuta na kutema, na alipotazama kiganja chake kilikuwa kimelowa petroli. Mashine ilikuwa inarudisha pumzi yake nje. Ndicho kikohozi.

Kisha akaegemeza mchi, akamwomba Amisi, aliyefika kutazama, avute mafuta zaidi, zaidi, mpaka pale ukelele ulipoanza. Akafumba macho. Wauza mchele wakanyamaza. Kila mtoto wa Kasongo anajua mlio wa wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, huyu anainua, yule anashusha, na anajua pia mlio wa siku mmoja amechoka: mchi wake unachelewa, unakutana na wa mwenzake hewani, mapigo yanapotea. Ndio mlio alioupata Souleymane kwenye mfupa wa sikio lake. Ndani mule kulikuwa na kitu kinachochelewa kurudi.

"Supape," alisema, akifungua macho.

Supape ni milango midogo miwili ya mashine; mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi. Kinachoifungua ni arbakami, chuma kinachozunguka, chenye manundu mawili. Nundu husukuma mlango ukafunguka, resori, yaani springi, huurudisha ukafunga. Milango inayorudi kwa kuchelewa na mashine inayotema pumzi yake ni magonjwa mawili tofauti, na Souleymane hakuelewa kwa nini yameingia pamoja katika nyumba moja. Mashine hii aliijua tangu ikiwa mpya. Manundu yake hayakuwa ya kutema.

Akaenda kwa Emilienne kumuuliza kama Michel aliwahi kumwambia lolote. Alimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anapasua kokwa za michikichi juu ya jiwe. Tak. Tak. Alipiga hodi, akajibiwa, akakaribishwa kiti, na hakukikalia. Alikuwa anatazama mkono wa mama yule.

"Mama, hicho chuma umekitoa wapi?"

"Hiki? Michel alinipa kiangazi. Alitoka nacho Salamabila. Alisema, shika, upasulie kokwa, hakivunjiki." Akampa.

Kilikuwa kizito, kifupi, cheusi, kimelainishwa na mafuta ya kokwa hata kutu haikukigusa. Kilikuwa na manundu mawili, bado mazima, maana mama alipigia kwa ncha. Souleymane alikigeuza mkononi. Alikijua kama unavyojua jino lako mwenyewe lililong'oka. Hapo akakaa kwenye kiti, na Emilienne akaona kwamba fundi amezeeka ghafla.

"Nini, Papa Sule?"

"Ni chuma," alisema. "Si yeye. Ni chuma, mama." Akamrudishia mkononi. "Usipasulie tena kokwa. Ukifunge kwenye kitenge, uje nacho Jumapili."

Jumapili, baada ya misa, uwanja wa Bruno ulijaa. Walikula, wakaimba, wakamwombea marehemu. Kisha Bruno akasimama karibu na pikipiki, kisu cha kukatia kitambaa mkononi, akamwita Emilienne aje mbele kuapa.

Souleymane alisimama kwenye safu ya wageni. Alikuja na kofia safi, na kwenye baiskeli ya Amisi alikuwa amefunga kibano chake cha chuma, kile kizito cha kung'atia vyuma.

"Bwana Bruno, kabla ya kiapo, uniruhusu nifungue hii mashine."

"Fundi, weye si wa ukoo."

"Siko wa ukoo. Lakini hii piki ni kama mutoto niliyemutahiri."

Wazee wachache walitabasamu, wakakumbuka walipo, wakaacha. Bruno hakutabasamu.

"Matanga hayajaondoka. Haifunguliwi."

"Ndiyo maana ninaomba kwako, mukubwa wake. Nitasema sasa, mbele ya watu, nitakachokikuta, kabla sijagusa. Nitakuta arbakami si ile iliyotoka nayo kiwandani. Manundu yake ni marefu. Nitakuta resori zimechoka. Na juu ya pistoni nitakuta alama, kama ya kucha. Nikikosa moja katika hayo, mutie kibanda changu moto, nami nitashika kuni. Mama huyu aape nisipopatia. Nikipatia, asiape."

Lilikuwa jigambo kubwa kuliko yote aliyowahi kusema. Alama ya kucha hakuwa ameiona. Alikuwa ameisikia tu, kwa mchi.

Bruno alimtazama Emilienne. Akatazama kitambaa. "Fungua," alisema.

Hakuna aliyeondoka. Alifungua taratibu, kila boliti akiiweka juu ya jani la mgomba kwa mpangilio wake. Alipotoa arbakami, alimwomba Emilienne afungue kitenge. Vyuma viwili vikawekwa ubavu kwa ubavu juu ya meza ya matanga, kati ya sahani. Hata bibi asiyeona vizuri, akivipapasa, alijua: hiki kina manundu ya kawaida, kile yamevimba kama mashavu ya mpiga baragumu.

"Haya manundu marefu," Souleymane alisema, bila madoido, "yanafungua milango sana, na kuchelewa kuifunga. Kwenye mbio, tambarare, ni vizuri, mashine inapumua. Kwenye kilima, na mzigo, polepole, mulango uko wazi wakati ungepaswa kufungwa. Pumzi inarudi nje. Inakohoa, nguvu inakwisha. Motari anaogopa, anavuta mafuta ajiokoe. Sasa mashine inazunguka haraka, na resori za zamani haziwezi kurudisha milango ya manundu haya. Mulango unaelea, haufungi kabisa. Ndicho kilio. Polepole inazimia, haraka inalia. Katikati hakuna pa kuponea."

Alichukua resori ya mashine ile na nyingine mpya ya aina ile ile, akaziweka mkia kwa mkia kwenye kibano, akaanza kukaza. Zingekuwa sawa kwa nguvu, zingejikunja sawa. Watu walisogea. Ile mpya ilisimama wima kama askari. Ile ya Michel ilijikunja, ikajikunja, mpaka pete zake zikagusana.

Mwisho akainua kichwa cha mashine. Juu ya pistoni, ndani ya masizi meusi, palikuwa na alama ndogo inayong'aa, imepinda kama mwezi mchanga. Mlango uliochelewa ulikuwa umegongana na pistoni. Bruno aliinama, akaweka kidole chake pale, akakiacha kwa muda.

"Nani alimuwekea?" aliuliza.

"Fundi mumoja kule Salamabila. Alikuja kwangu kwanza. Nilimucheka."

"Alitaka nini? Mudogo wangu hakuwa mutu wa mashindano."

Souleymane aliitazama ile arbakami. Siku ile hakulisubiri jibu. Emilienne ndiye aliyesema, macho chini.

"Alibeba mama mumoja wa Wamaza, mugonjwa wa moyo. Akamushusha Shuka-Kwanza, apande kwa miguu sawa wengine. Alifika juu, lakini alifika na hali mubaya. Michel hakulala siku ile. Alisema, siku moja nitapita pale bila kushusha mugonjwa. Sikujua kama alikuwa anatafuta chuma."

Souleymane alivua kofia yake nyeupe, akafutia mikono. Hidaya, aliyekuwa kwa wanawake, aliona.

Kazi iliyobaki ilichukua mchana wote. Alirudisha arbakami ya zamani, yenye harufu ya kokwa. Supape moja ilikuwa imepinda kidogo. Akaweka nyingine, akaisaga ikae vema kwenye kiti chake. Akatia resori mpya. Alipoipiga teke ikanguruma, hakutangaza lolote. Alimgeukia Bruno.

"Panda nyuma. Weye ni muzito kuliko magunia yote."

Ukoo ukawafuata kwa miguu mpaka chini ya Shuka-Kwanza. Bruno hakushuka. Souleymane aliingiza gia ndogo, akaanza kupanda taratibu, akisikia kifua kikubwa cha yule mtu kikimgusa mgongoni kwa kila shimo. Walifika kwenye korongo. Walifika kwenye msalaba wa miti. Mashine iliendelea na mlio wake mmoja, mzito, wa mtu anayejua anakokwenda. Wakapita. Wakafika juu.

Bruno hakuteremka.

"Rudi chini," alisema. "Tupande tena."

Wakarudi, wakapanda tena. Pale pale, Souleymane alimsikia Bruno akizuia pumzi, akisikiliza kwa mwili mzima. Mlio ule ule, mzito, bila doa. Juu ya kilima Souleymane alizima mashine.

"Hakohoi," Bruno alisema.

"Hakohoi."

"Nilikuja hapa kila Ijumaa na yule motari wa pili. Nilimulipa anipandishe. Nimusikie tu." Akalaza paji la uso kwenye mgongo wa fundi, na ile sauti nene iliyoongoza kwaya ikavunjika vipande. "Sasa nimemuzika, Fundi. Leo njo nimemuzika."

 Souleymane alishika usukani kwa nguvu ili pikipiki isiyumbe, na akamwacha alie kadiri alivyotaka.

Waliposhuka, Bruno alikata kitambaa cheupe kwa kisu chake, akakikunja, akakishika kwa mikono miwili, akampa Emilienne. "Mama wa watoto," alisema.  Watu walipiga makofi ya polepole, yale ya matanga, na matanga yakaondoka.

Ile arbakami ya mashindano Bruno alitaka itupwe Lualaba. Emilienne alikataa. Aliichukua, akaifunga kwenye kitenge. Manundu yake marefu yanapasua kokwa kwa pigo moja, na ukipita uani kwake jioni utausikia: tak, tak. Pikipiki anaiendesha Amisi, na akifika Shuka-Kwanza huwaambia abiria washuke. Akiwa na mgonjwa, hushuka yeye, akatembea kando na kuisukuma, mgonjwa akiwa juu yake, mpaka kileleni.

Souleymane bado anajigamba. Mtu hatupi ngozi yake. Lakini siku hizi mteja akisimama mbele ya kibanda na kukohoa kidogo kabla ya kusema, fundi huacha maneno katikati, huinua kidole kuwanyamazisha wauza mchele, na kungoja mpaka mtu amalize.